Kababu za Mikunde Zinapogoma: Dalili, Chanzo na Dawa

Kababu ikimvunjikia mtu kikaangoni, mkono wake wa kwanza huenda kwenye unga. Nilipoanza kupika kababu zisizo na nyama wala yai nilifanya hivyohivyo: kijiko kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, mpaka mchanganyiko ukashikana. Kababu hazikuvunjika tena, lakini zilikuwa nzito, zenye ladha ya unga usioiva, na maharage niliyoyachemsha kwa saa nzima hayakusikika mdomoni. Baada ya kupika mara nyingi nimeamini kwamba tatizo karibu lolote la kababu hizi linaanzia kwenye maji. Yamezidi, yamepungua, au yamekaa mahali pasipo pake. Ukishajua maji yako wapi, unga utakaouhitaji ni kidogo sana, na mara nyingine hauhitajiki kabisa.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya kwako. Hata hivyo, ukipata nafasi anza na sehemu ya kuvunjika, maana dalili nyingine nyingi zina mzizi mmoja na hiyo.

## Kipimo cha kulinganishia

Ili tuzungumzie kitu kimoja, chukua mchanganyiko huu kama kipimo. Vikombe viwili vya maharage, dengu au adesi zilizoiva na kuchujwa vizuri. Kikombe kimoja cha mboga zilizokwaruzwa na kukamuliwa. Kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo na kukaangwa mpaka kikalainika. Punje mbili za kitunguu saumu. Vijiko vinne vya chakula vya oti iliyosagwa au chembe za mkate mkavu. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa, zikakorogwa na vijiko vitatu vya maji na kuachwa dakika 10 mpaka zikawa ute. Chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Na viungo unavyovipenda. Utapata kababu sita au saba, kila moja gramu 90 hivi, unene wa sentimita moja na nusu mpaka mbili.

Kisha kuna vipimo viwili visivyohitaji mizani. Cha kwanza ni kiganja. Finya tonge la mchanganyiko: maji yakijitokeza katikati ya vidole, umelowa, likipasuka pembeni, umekauka, likishikana na kuacha kiganja kikiwa karibu safi, uko sawa. Cha pili ni kababu ya jaribio. Kabla ya kufinyanga zote, kaanga moja bapa, ndogo kama sarafu, uionje. Itakuambia habari za chumvi, ulaini na kushikana wakati bado una nafasi ya kurekebisha. Mimi siruki hatua hii hata ninapopika kwa haraka, kwa sababu ni dakika nne zinazookoa bakuli zima.

## Zinavunjika ukizigeuza

Usikimbilie dawa. Itazame kwanza jinsi ilivyovunjika, maana kila mvunjiko una sababu yake.

Imekuwa kama uji mzito unaong'ang'ania mwiko. Hapo maji yamezidi. Maharage yaliyoiva yana maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Karoti mbichi ina maji kama asilimia 88. Kabichi na uyoga hupita asilimia 90. Ongeza hapo jambo moja linalowachanganya wengi: chumvi ikigusa mboga huyavuta maji yaliyo ndani kuja nje, tena polepole. Ndiyo maana mchanganyiko uliokuwa mzuri wakati wa kuuchanganya unakuwa umelowa nusu saa baadaye, na mpishi anashangaa maji yametoka wapi.

Dawa ni kuyatoa maji hayo kabla hayajajitoa yenyewe. Mboga ukishazikwaruza, zinyunyizie nusu kijiko cha chai cha chumvi, ziache dakika 15, kisha zifunge kwenye kitambaa safi na uzikamue kwa nguvu zote. Chumvi hiyo uihesabu, upunguze ya baadaye. Mchicha na majani mengine yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, yapoe, uyakamue mpaka yawe donge. Uyoga usiukamue, ukate vidogo na uukaange bila kifuniko mpaka maji yake yaishe na sauti ya kuchemka igeuke kuwa ya kukaangika.

Maharage nayo yanastahili hatua yake. Yakishachujwa, yatandaze kwenye trei na uyaingize kwenye oveni ya nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 15 hivi, mpaka maganda yaanze kupasuka na nje yakauke. Asiye na oveni ayaweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, akiyageuzageuza kwa dakika sita au saba. Hatua hii moja imenisaidia kuliko kiungo chochote cha kushikisha. Maharage ya kopo yanaihitaji zaidi, kwa kuwa yamekaa majini muda mrefu.

Kama umeshachanganya na maji yameshazidi, hapo sasa ongeza oti iliyosagwa au chembe za mkate, kijiko kimoja cha chakula kwa wakati mmoja, *na usubiri dakika 10 kabla ya kuongeza kingine*. Oti hunywa maji taratibu. Anayeongeza kijiko cha pili mara tu baada ya cha kwanza huishia na kababu kavu, kisha anaamini kosa liko kwenye maharage.

Imemeguka chengachenga. Huu ni upande wa pili. Punje nyingi bado ni nzima, au mchanganyiko umekosa unyevu wa kuziunganisha. Chota theluthi moja ya mchanganyiko, uisete kwa uma au uisage mpaka iwe laini kabisa, uirudishe na uchanganye. Hiyo theluthi laini ndiyo gundi ya zile theluthi mbili nyingine. Ikiwa bado, ongeza kijiko kimoja cha maji uliyochemshia mikunde.

Imepasuka pale palipotokeza kipande cha mboga. Kipande ni kikubwa kuliko kababu inavyoweza kukibeba. Mboga ngumu kama karoti zikwaruzwe. Zile unazotaka zionekane, kama pilipili hoho au mahindi, zisizidi ukubwa wa punje ya njegere, na zisipite robo ya mchanganyiko wote.

Imevunjika upande mmoja tu, na chini bado haijapata ganda. Umeigeuza mapema. Nyama na yai zikipata moto hukazana kwa haraka kwa sababu protini zake ndiyo kwanza zinaiva. Protini za maharage uliyochemsha zimeshaiva tangu kwenye sufuria, kwa hiyo kababu haina kitu cha kuikaza ghafla. Kinachoishika ni wanga ulio ndani yake na ganda linalojengeka chini. Iache dakika nne au tano kwenye moto wa wastani bila kuisogeza. Ikiwa tayari itaachia kikaango yenyewe ukiisukuma kidogo pembeni.

Liko jambo moja linalosaidia karibu aina zote hizi za kuvunjika: ubaridi. Wanga uliopikwa ukipoa hukazana, ndiyo sababu viazi vya jana ni vigumu kuliko vya leo. Finyanga kababu zako, zipange kwenye sahani, ziweke kwenye friji dakika 30 mpaka saa moja kabla ya kukaanga. Usichanganye mikunde ikiwa bado ya moto. Mvuke wake unageuka maji humohumo kwenye bakuli.

## Nitumie nini kushikisha?

Swali hili huulizwa kama vile kuna jibu moja. Kila kishikizo kina kazi yake, na kukosea kazi ndiko kunakoleta lawama.

Mbegu za kitani zilizosagwa hutoa ute unaofanya kazi tangu mchanganyiko ukiwa mbichi, kwa hiyo zinafaa kama kababu zinavunjika wakati wa kufinyanga. Mbegu nzima hazifanyi kazi hiyo vizuri. Mbegu za chia ni ndugu zao, kwa kipimo kilekile. Unga wa dengu, kinyume chake, hukaza pale unapopata moto, nao unafaa kwa kababu inayofinyangika vizuri lakini inalegea kikaangoni. Vijiko viwili au vitatu vinatosha. Oti na chembe za mkate hazigundishi sana. Kazi yake ni kunywa maji.

Kiazi kilichochemshwa nakipenda kwa ladha, ila kina masharti. Kisete kwa uma au mwiko. Ukikiingiza kwenye blenda, visu vitapasua vijifuko vya wanga na utapata kitu kinachonata na kuvutika, ambacho hakuna kiasi cha oti kitakachokirudisha. Tena kisizidi robo ya mchanganyiko. Kikizidi, umeshapika kitu kingine.

## Zinafumuka kwenye mafuta mengi

Umetumbukiza kababu kwenye mafuta, baada ya sekunde chache mafuta yanajaa povu na chenga, na kababu haipo tena. Hii ni dalili inayovunja moyo kuliko zote, na mara nyingi chanzo chake ni kuchanganya njia mbili zisizofanana.

Kuna njia ya mikunde iliyopikwa, ambayo ndiyo tumekuwa tukiizungumzia, na kuna njia ya mikunde iliyolowekwa tu bila kupikwa. Katika njia ya pili, dengu hulowekwa saa 12 mpaka 24, huchujwa, hukaushwa kwa kitambaa, kisha husagwa pamoja na vitunguu na majani mpaka ziwe kama mchanga mkubwa. Wanga wake bado ni mbichi. Ukiingia kwenye mafuta ya moto ndipo unapovimba na kushikana, na kababu inajifunga yenyewe bila unga. Ukichukua dengu zilizopikwa au za kopo ukazitumia kwa mapishi ya namna hiyo, wanga umeshamaliza kazi yake kwenye sufuria. Ndani ya mafuta hauna cha kushika. Kwa hiyo, kama unataka mafuta mengi, tumia mikunde iliyolowekwa. Kama mikunde yako imeshapikwa, tumia kikaango chenye mafuta kidogo, au oveni.

Ikiwa uliloweka na bado zinafumuka, angalia mambo haya kwa mpangilio huu. Usagaji: chukua kidogo na ufinye, ikiwa punje hazishikani, saga kidogo zaidi, lakini usifike kwenye uji. Maji: je, ulizikausha baada ya kuzichuja? Soda ya kuokea: robo kijiko cha chai kwa vikombe viwili inaleta wepesi, ila ikizidi inalegeza kila kitu. Joto la mafuta: yawe kati ya nyuzi 170 na 180. Bila kipimajoto, tumbukiza ncha ya mwiko wa mbao mkavu. Mapovu madogo yakiizunguka mfululizo, mafuta yako tayari. Na usijaze sufuria, kwa sababu kababu sita za baridi zikiingia pamoja hushusha joto la mafuta yote.

Hapa kuna onyo ambalo naomba ulichukue kwa uzito wote. Njia ya kuloweka bila kupika ni ya dengu, kunde na choroko zilizokobolewa. Usiitumie kwa maharage, na hasa maharage mekundu yenye umbo la figo. Maharage hayo mabichi yana lektini, protini inayosababisha kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa moja mpaka tatu, na punje nne au tano tu zinaweza kutosha kumwangusha mtu. Yaloweke angalau saa tano, mwaga maji hayo, weka maji mapya, kisha uyachemshe kwa moto mkali. Dakika 10 za kuchemka hasa huiharibu sumu hiyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri dakika 30 ili kuwa na uhakika. Moto mdogo usiofikia kuchemka ni hatari, kwa kuwa maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi. Ukishayachemsha kikamilifu ndipo unaweza kupunguza moto na kuyaacha yaive.

## Nje imeungua, ndani ni tope

Sababu mbili hujificha nyuma ya dalili hii, na ni rahisi kuzitofautisha kwa kuikata kababu katikati.

Ukikuta ndani ni baridi au vuguvugu, moto ulikuwa mkali au kababu ni nene. Punguza unene ufike sentimita moja na nusu, moto uwe wa wastani, au ipe rangi kikaangoni dakika tatu kila upande kisha umalizie kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10.

Ukikuta ndani ni ya moto kabisa lakini inanata kama uji, kupika zaidi hakutakusaidia. Umesaga kupita kiasi. Blenda inayozunguka sekunde 30 mfululizo inageuza maharage kuwa kitu kimoja laini kisicho na punje hata moja, na kitu cha namna hiyo hakina njia ya kupitisha mvuke. Maji yanabaki ndani. Bonyeza mashine kwa vipindi vifupi vya sekunde moja moja, ukichungulia kila baada ya vitatu au vinne, au iache kabisa utumie uma. Ulimi unahitaji kukutana na punje. Kama umeshachelewa na yote ni uji, changanya ndani yake kitu chenye punje: maharage mazima yaliyokaushwa, wali uliopoa, karanga zilizotwangwa kidogo au mbegu za alizeti.

Ukitumia mbegu za alizeti pamoja na soda ya kuokea, unaweza kukata kababu kesho yake ukakuta ndani kuna kijani. Si ukungu. Mbegu hizo zina asidi inayogeuka kijani ikikutana na soda, nayo haina madhara. Punguza soda, au weka tone la limau, na rangi hiyo haitajitokeza.

## Ni kavu, zinakwama kooni

Zilizookwa ndizo huugua zaidi ugonjwa huu. Nyama hubeba mafuta yake yenyewe. Maharage na adesi karibu hayana mafuta, kwa hiyo usipoyatia wewe hayatakuwemo. Weka kijiko kimoja au viwili vya chakula vya mafuta ndani ya mchanganyiko, si juu tu. Parachichi lililosetwa, siagi ya karanga au ufuta uliosagwa hufanya kazi hiyohiyo na kuongeza ladha. Mboga zenye maji yanayotoka polepole husaidia pia: bilinganya iliyochomwa na kusetwa, au uyoga uliokaangwa.

Maji uliyochemshia dengu usiyamwage mara moja. Yana protini na wanga uliotoka kwenye punje, kiasi kwamba mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kuwa yakipigwa yanaumuka kama ute wa yai. Kwa kababu kavu huna haja ya kuyapiga. Vijiko viwili vinalowesha na kushikisha kwa pamoja, jambo ambalo maji ya bomba hayawezi. Maji ya kulowekea ni habari nyingine, hayo mwaga.

Kwa oveni, nyuzi 200, dakika 12 hivi kila upande baada ya kupaka mafuta pande zote mbili, zinatosha. Anayeziacha dakika 45 ili ziive vizuri anasahau kwamba mikunde yake imeshaiva tayari.

## Hazipati rangi, zinanata

Rangi ya kahawia na harufu inayokuja nayo hujengeka kwenye nyuzi 140 hivi kwenda juu. Uso wenye maji hauwezi kuvuka nyuzi 100 mpaka maji hayo yaishe. Kwa hiyo kababu iliyolowa nje kwanza inachemka, ndipo ikaangike, na katika kuchemka huko inashikana na chuma. Ipangushe kwa kitambaa au uinyunyizie unga kidogo sana juu. Pasha kikaango kwanza, tia mafuta, yaache yapate moto, kisha weka kababu, na uache nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine ili mvuke upate pa kutokea.

Kababu zenye karoti nyingi, kiazi kitamu au bitiruti zina shida iliyo kinyume: sukari yake inaungua haraka. Hizo moto mdogo zaidi.

## Zinanyonya mafuta

Karibu kila mara ni mafuta yasiyopata moto wa kutosha. Yakiwa ya moto, maji ya kababu yanatoka kama mvuke kwa kasi na kuyazuia mafuta kuingia; yakiwa vuguvugu, hakuna kinachoyazuia. Zitoe uziweke juu ya wavu badala ya kuzirundika kwenye sahani, kwa sababu zikirundikwa hutoleana jasho na ganda lote linalainika.

## Ladha imepooza, au ina uchungu

Mikunde inameza chumvi na viungo kuliko unavyotarajia, na baada ya kupoa ladha inafifia zaidi. Kwa gramu 500 za mchanganyiko, gramu tano mpaka saba za chumvi ni kiasi cha haki. Lakini chumvi peke yake haitoshi. Ninapoonja kababu ya jaribio na kuiona imepooza, mara nyingi inachokosa ni uchachu: kijiko cha chai cha limau, ukwaju au siki kinaiamsha. Kikikosekana kile kina cha ladha kinachoonekana kwenye nyama, kaanga nyanya ya kopo mpaka igeuke rangi ya matofali, au tia uyoga uliokaangwa sana, au kijiko cha sosi ya soya na upunguze chumvi.

Viungo vya unga visitupwe vikavu kwenye bakuli. Bizari nyembamba, giligilani na paprika vikaangwe nusu dakika kwenye mafuta uliyokaangia vitunguu; mafuta ndiyo yanayovitoa harufu na kuisambaza. Na vitunguu vyenyewe visiingie vibichi kwenye kababu za mikunde iliyopikwa. Vinatoa maji na vinabaki vikali, maana muda wa kikaangoni hautoshi kuviivisha.

Uchungu una njia tatu za kuingilia. Kitunguu saumu kilichoungua ni ya kwanza, nacho hakina dawa; anza upya na kingine. Ya pili ni unga wa dengu usioiva, unaoacha ladha kali ya ubichi nyuma ya ulimi: pika muda mrefu zaidi kwa moto mdogo, au ukaange unga huo mkavu mpaka unukie kabla ya kuutumia. Ya tatu ni mbegu za kitani zilizosagwa zamani, kwa kuwa mafuta yake yanachacha. Zinuse. Saga kidogo kidogo, na zinazobaki ziweke kwenye friji.

## Maharage yenyewe hayaivi

Kababu nzuri haiwezi kutoka kwenye maharage yenye kiini kigumu, na hili halirekebishiki baadaye. Mikunde iliyokaa ghalani muda mrefu, hasa mahali pa joto na unyevu, hukakamaa isilainike hata kwa saa tatu. Maji yenye chokaa nyingi huchelewesha pia. Na nyanya, limau au ukwaju zikitiwa mapema huzuia maganda kulainika, kwa hiyo ziweke baada ya kuiva. Loweka usiku kucha. Kama maji yako ni ya chokaa, robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa lita moja ya maji ya kuchemshia itasaidia. Chumvi haina hatia wanayoisingizia watu. Ukiiweka kwenye maji ya kulowekea, maganda hata hulainika vizuri zaidi.

Kipimo cha kuiva ni kidole: punje ipondeke kati ya kidole gumba na cha shahada, bila chenga.

## Tumbo linajaa gesi

Mikunde ina sukari aina ya rafinosi na stakiosi ambazo utumbo wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja; bakteria wa utumbo mpana ndio huzila, na gesi ni matokeo ya mlo wao. Sehemu ya sukari hizo hutoka kwenye maji ya kulowekea, kwa hiyo yamwage. Adesi na choroko zilizokobolewa huwa nyepesi kwa wengi. Asiyezoea aanze na kababu moja, kisha aongeze taratibu kwa wiki kadhaa. Watu wengi huzoea.

## Zilikuwa nzuri jana, leo zimeharibika

Mchanganyiko mbichi uliolala kwenye friji huwa umelowa asubuhi, kwa sababu ya ile chumvi na mboga. Ukamue kidogo au uongeze kijiko cha oti, lakini usiuache ukapita siku moja au mbili. Zilizopikwa hukaa siku tatu mpaka nne kwenye friji, mradi ziingie humo ndani ya saa mbili baada ya kupikwa. Zipashe kikaangoni au kwenye oveni mpaka ndani ziwe za moto kabisa. Mikrowevu inazilainisha ganda.

Kwa friza, zipike kwanza, zipoe, kisha zigandishe zikiwa zimetandazwa kwenye trei bila kugusana. Zikishakuwa ngumu ndipo uziingize kwenye mfuko, na uweke karatasi ya kuokea kati ya moja na nyingine. Hubaki na ladha yake kwa miezi mitatu hivi. Usiziyeyushe kabla ya kupasha. Zikiyeyuka mezani, barafu iliyo ndani inageuka maji yote kwa wakati mmoja na kababu inalegea. Ziweke kikaangoni zikiwa bado zimeganda, moto mdogo, zifunike dakika tano ili joto lifike katikati, kisha ondoa kifuniko, ongeza moto, na uziache mpaka ganda lirudi.